Kitabu cha Mzee Shutu

Ramisi
Jumatatu, 6 Januari 2025

Kwa mwanangu Tsuma,

Assalaam aleikum. Mimi mamako ni mzima, mguu ndio uleule wa kushoto. Simu ninayo, lakini Mwalimu Jemima wa ngumbaru ametuambia kila mwanafunzi amwandikie mtu wake wa mbali barua moja kwa wiki, tena isiwe ya kunakili ubaoni. Basi wewe ndiwe mtu wangu wa mbali. Ukunda si mbali, lakini kwa jinsi usivyokuja ni kama Ulaya. Nawe unijibu kwa barua, usinipigie, nataka kumwonyesha mwalimu.

Nimesikia umepigana. Usikane. Muuza mahamri wa stendi ameniambia kila kitu. Umempasua kichwa Kavumbi, mwenzako wa stendi, kwa kufuli ya kibanda chako, kisa kitabu. Tsuma, kitabu? Babako, Mungu amrehemu, alikuwa akinipiga akishakunywa tembo, na hilo nililielewa, mlevi ni mlevi. Lakini kitabu kinamlevyaje mtu?

Haya, nisikuudhi, nina habari ya kukufurahisha. Yule msafiri wako, Garama Nzai, aliyetembea nchi zote kwa miguu akaandika. Ulinionyesha jina lake alilolitia kwa wino wa kijani, ukaniambia nisiguse, mkono wangu una mafuta. Mzee Shutu aliyekata miwa pamoja na babako anacho kitabu chake. Nilimpelekea uji jana, nikakiona kwa macho yangu. Anakiweka ndani ya kopo kubwa la biskuti, na jina la kijani limo. Hakuna aliyenituma nikuambie. Nimeona tu moyo wako utafurahi.

Punguza hasira. Kula.

Mimi mamako,
Dama

*

Ukunda
9 Januari 2025

Mama mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama kibandani, mteja akaniuliza kama nimefiwa.

Nakuomba urudi kwa mzee uangalie vizuri. Jaladani kuna picha ya ndara za tairi? Juu kumeandikwa *Kwa Miguu Hadi Ujiji*? Ukurasa wa pili, chini kabisa, kuna maneno "Chapa ya Kwanza"? Kama yapo, Mama, hujui ulichokiona. Garama aliandika vitabu vinne tu. Hicho ndicho cha mwanzo. Vilipotoka mtamboni, mchwa walivila vyote ghalani isipokuwa thelathini alivyovibeba kwa baiskeli na kuvitia sahihi mwenyewe. Baadaye vilichapwa vingine, lakini hivyo ni nguo za mtumba, nami mtumba nauza, siweki. Vile vitatu vingine ninavyo, chapa ya kwanza, sahihi ya kijani. Miaka tisa natafuta cha nne. Kumbe kiko hukohuko ulikonizalia.

Kavumbi ndiye aliyeanza. Nilimpa kitabu akitazame tu, akaukunja ukurasa wa sahihi huku akicheka, "Karatasi tu hii, ndugu yangu." Nilimpiga mara moja. Mara ya pili ni kwa sababu alikuwa bado amekishika.

Mpelekee mzee kitu kizuri. Muulize anataka nini.

Mwanao,
Tsuma

*

Ramisi
14 Januari 2025

Mwanangu Tsuma,

Salamu nyingi. Nilimpikia mkate wa sinia, nikaenda. Ndara za tairi zipo, na hayo maneno yako yapo, nimeyasoma mwenyewe herufi kwa herufi huku Yusra, mjukuu wake, akinicheka.

Mzee alikula vipande vitatu kwanza. Nikamwambia, mwanangu anakitaka kitabu, taja chochote. Akasema, "Mwambie Tsuma aje asome hapahapa kwenye jamvi, chai nitampa. Lakini kitoke? Kitoke kiende wapi? Mimi mwenyewe sitoki."

Nikasema, "Mzee, wewe hata kusoma husomi."

Akasema, "Nawe Dama juzi ulikuwa husomi, mbona hatukukunyang'anya macho?" Tukacheka wote, hata yule mpwa wake Swabir anayemwogesha na kumpikia. Mpole sana yule kijana. Maneno yakimjia mengi yanamkwama kooni, hasemi kitu.

Yusra alinisomea yale ya kijani. "Kwa Shutu, aliyenifungulia mlango wakati wengine waliniona mchawi. Bila wewe kitabu hiki kingeishia ukurasa wa kwanza." Kumbe huyo Garama alipita hapa ana homa, watu wakamfukuza kwa mawe kwa ajili ya nywele zake ndefu, mzee akamficha siku tisa kwenye nyumba za wakata miwa. Akifa kitabu ni cha Yusra. Ndivyo alivyosema.

Basi, baba, liache. Unavyo vitatu. Mimi nina mtoto mmoja tu na sijawahi kumwibia mtu wake ili nipate wa pili.

Mamako,
Dama

*

Ukunda
18 Januari 2025

Mama,

Shikamoo. Nilikuja Alhamisi, sikupita kwako, nisamehe.

Nilisoma kwenye jamvi kama alivyotaka. Muda wote ameweka kiganja juu ya ukurasa, mimi nasoma kando ya vidole vyake. Vidole vina mafuta ya samaki, Mama. Alama zake ziko ukurasa wa kumi na mbili, wa thelathini, na kwenye sahihi yenyewe. Na lile kopo lina kutu. Mvua mbili zaidi na hakitakuwa kitabu tena.

Nimemwomba kwa adabu mara tatu. Sitaomba tena.

Tsuma

*

24 Januari

Mama, nilipita hukuwepo. Mzee Shutu ameniazima kitabu leo. Kimo kashani mwako, chini ya leso. Kihifadhi, usimwonyeshe mtu, wala usikitoe kwenye kitambaa. Nitakuja kukichukua mambo yakitulia.

T.

*

Ramisi
Jumanne, 28 Januari 2025

Mwanangu Tsuma,

Assalaam aleikum. Herufi zikitoka nje ya mstari unisamehe.

Bila shaka umesikia. Mzee Shutu ameuawa. Ijumaa, watu wakiwa msikitini. Yeye miguu ilikuwa haimruhusu, akisalia nyumbani. Yusra alikuwa ameenda sokoni Kombani. Walimkuta nusu yuko chini ya kitanda, nusu nje, kichwa kimepondwa kwa mchi wa nyumbani kwake mwenyewe. Na aliyekuwa naye ni Swabir. Alitangulia kutoka msikitini ampelekee maji ya kunywa, ndivyo ilivyosemwa baadaye. Wenzake wakamkuta amempakata, kanzu yote nyekundu, anaulizwa hajibu, midomo inacheza tu.

Basi watu wakasema ni yeye. Nami nilikuwa natoka darasani, nimejitwisha kuni, nikasikia yowe, nikakimbilia huko. Walimburuta uani kwa miguu. Walimpiga kwa miwa, kwa mawe, kwa cheni ya baiskeli. Mtu akaleta tairi. Wallahi mwanangu, hata mimi. Nilichomoa ukuni nikampiga nao usoni, nasema, "Mjomba wako! Mjomba wako aliyekulisha!" Nilisikia kitu kikivunjika. Watu wakasema, "Mpe, mama, mpe!" Nikampa tena. Polisi walifika tairi limeshavishwa shingoni, kiberiti kinatafutwa. Walimbeba kama gunia.

Nikarudi nyumbani, nikaosha mikono. Nikafungua kasha nitoe leso ya msibani, nikakuta kifurushi chako na kile kikaratasi. Nilikaa chini nikalia sana. Nikasema, kumbe roho ya mzee ililainika, alikuwa anatuaga na sisi hatujui.

Jumapili, kabla jeneza halijainuliwa, imamu alisimama uani akauliza kama ilivyo ada: mwenye haki yake kwa marehemu aseme, na mwenye kitu cha marehemu akirudishe, asimwachie mzigo kaburini. Sisi wanawake tulikuwa ndani, lakini nilimsikia. Moyo ukaniambia, Dama, kitabu. Najua ulisema nisimwonyeshe mtu, unamwogopa Kavumbi. Lakini amana ya maiti haikai kwangu, Tsuma. Singelala.

Basi leo, khitma ya siku ya tatu, nilikibeba kwa mikono miwili, nimekifunika leso safi, nikampa Yusra mbele ya watu wote. Nikasema kwa sauti, wajue nimekulea: "Marehemu alimwazima mwanangu Tsuma. Hakuwahi kukirudisha. Mimi namrudishia."

Aliyekuwa anapakua wali aliacha upawa ndani ya sufuria. Yusra akaniuliza, "Alimwazima lini, Mama Tsuma?" Nikampa kikaratasi ajionee tarehe, ni Ijumaa. Akasema, "Ijumaa nilipokuwa natoka kwenda sokoni kitabu kilikuwa mapajani mwake." Nikamwambia, basi ni baada ya hapo, mwanangu alipita mchana. Mama aliyekaa karibu nami akavuta mkeka wake, akasogea.

Sasa kuna wanaume wawili hapo nje, wamevaa kiraia, wanataka kuniuliza habari za kitabu. Nitawaambia hivyohivyo, huna la kuficha. Nawe njoo useme ulichoona, umsaidie Yusra. Ulipomwacha mzee alikuwa mzima, sivyo? Na Swabir ulimkuta ana uso gani?

Nijibu haraka.

Mamako,
Dama

*

Rumande
5 Februari 2025

Mama,

Barua hii inaletwa na mtu anayetoka leo. Ukishaisoma ichome.

Wengine huuzwa na maadui zao. Mimi umenikabidhi wewe, kwa mikono miwili, juu ya leso safi.

Humu wameshaambiwa kwamba nimeua mzee wa kuogeshwa. Usiku wa kwanza walinivua shati wakaniziba nalo mdomo. Kidole cha kuandikia kimevunjwa, kalamu nimeishika kwa ngumi. Mmoja alinikanyaga shingo akaniuliza, "Kitabu chenyewe kilikuwa kinasemaje?" Wote wakacheka. Asubuhi nilimvizia chooni, nikamng'ata sikio. Sasa hawanigusi, wananingoja tu.

Sikiliza. Bado kuna njia. Waambie kitabu nilikileta kwako Jumanne ya wiki ile, si Ijumaa. Waambie kile kikaratasi hukukielewa. Wewe ni mtu wa ngumbaru, nani atakulaumu? Sema hujui kusoma vizuri, ulichanganya siku. Utakapoitwa mahakamani useme hivyohivyo.

Swabir tayari ana damu kwenye kanzu. Iache ibaki hapo.

Tsuma

*

Ramisi
14 Februari 2025

Mwanangu Tsuma,

Nilileta chapati na samaki wa kupaka, nikaambiwa vya kupikwa nyumbani haviingii. Nikampa mama mmoja aliyekuwa analia langoni.

Sikuwa nataka kukwambia, lakini utasikia kwa wengine. Walikuja Jumatano mchana kweupe. Nawajua wote, wengine nimewapokea mikononi wakizaliwa. Jiko langu la makuti wamelitia moto. Mbuzi mwenye mimba wamemkata miguu ya nyuma, wakamwacha alie. Nilitoka nikasema, "Jamani, mimi ni Dama," na jiwe likanijia mdomoni. Meno mawili ya mbele hayapo. Ndiyo maana nikikutembelea utaona nimejifunika.

Hospitalini nilipokwenda kusafishwa jeraha nilimkuta Swabir. Amefungwa pingu kwenye kitanda. Jicho la kulia halipo, Tsuma. Pameshonwa tu. Wanasema mlishirikiana, wewe kwa ajili ya kitabu, yeye kwa ajili ya nyumba. Nilisimama mlangoni sijui niingie au nirudi. Akaniona kwa lile jicho moja. Maneno yakamkwama, yakamkwama, mwisho yakatoka. Akaniambia, "Shikamoo, mama."

Marahaba sikuweza.

Nilikwenda na ukuni wa mkwaju mimi. Sijui kama jicho lile ni la ukuni wangu au la cheni ya baiskeli. Hakuna atakayejua. Na habari za kopo la biskuti, nani aliyekuletea? Nikikohoa naona damu, nikifumba macho naona damu.

Unaniambia niseme Jumanne. Nitakwambia nikishajua ninamsemea nani. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukifanya kosa unakuja kunishika pindo la leso, hata kabla sijaliona. Haya nishike pindo. Ulimuua?

Mamako,
Dama

*

Rumande
2 Machi 2025

Mama,

Umeuliza, nami nitakujibu, kwa sababu wewe ni mama, na kwa sababu anayeileta hii hajui kusoma. Ichome.

Nilifika adhana ya pili imeshatoka, yuko peke yake. Nilikuwa na vitabu vyangu vitatu kwenye mkoba. Nilitaka avione vikiwa pamoja, aone pengo. Nilivipanga mbele yake kwenye jamvi. Akavitazama, akacheka, si kwa ubaya. Akasema, "Kijana, Garama angekuona angekukimbia. Yeye alikuwa akitupa mizigo njiani, wewe unaiokota." Nikamwambia, nipe. Akasema, "Kasali kwanza, leo Ijumaa."

Nikakichukua mapajani mwake. Akanidaka mkono. Hukuwahi kushikwa na yule mzee, Mama. Miaka yote ile ya panga la miwa ilikuwa imo vidoleni. Akalishika jalada na mkono wa pili, akavuta, nikasikia mshono wa kitabu ukilia. Nikaona kitachanika. Nikamng'ata kifundo cha mkono mpaka mfupa, akaachia.

Sasa sikiliza vizuri, maana hili ndilo ninalotaka ulijue. Nilikiweka kitabu juu ya kabati kwanza. Nikaviokota na vile vyangu vitatu, nikaviweka hukohuko, mbali. Ndipo nikauchukua mchi. Alikuwa anajiinua kwa kushika kitanda. Nilimpiga, akakaa. Nilimpiga tena, akamwita Yusra. Baada ya hapo sikumwacha aite mtu. Fuvu la mzee ni jepesi, Mama, halina kelele ninayoweza kukueleza. Niliendelea hata alipokwisha, kwa sababu macho yalikuwa bado yanatazama juu ya kabati.

Nikanawa kwa maji ya birika lake, nikakizungushia kitambaa, nikapita njia ya mashamba hadi kwako. Humo njiani sikukutana na mtu.

Kitabu hakikupata hata tone. Umekishika mwenyewe, umeona. Wanaosema nilirukwa na akili hawajui jinsi nilivyokuwa mwangalifu.

Nimekushika pindo. Haya, sema Jumanne.

Tsuma

*

Ramisi
14 Septemba 2025

Mwanangu Tsuma,

Miezi sita sikukuandikia. Sabuni na dawa ya meno nilikuwa naleta, naziacha kwa askari, ndani siingii. Nawe hukuuliza.

Barua yako sikuichoma. Nilisogea mekoni nayo siku hiyohiyo, nikashindwa. Nimeisoma mpaka imechakaa kwenye mikunjo. Kila nikifika pale pa kabati nasimama. Ungeniambia, Mama, nilipandwa na hasira, nikapiga, nikazinduka naona maiti, ningekuwa na neno la kumwambia Mungu. Ningesema, ni damu ya babake hiyo. Babako alikuwa akinipiga na kilicho mkononi, hata kama ni sahani ya chakula, chakula kikamwagika na yeye ana njaa. Lakini wewe ulikiweka kitabu mahali pazuri kwanza. Ulipata nafasi ya kupanga vitabu vinne. Mzee alikuwa hapo chini anajiinua, na wewe unapanga.

Nimekwenda kwa Yusra. Aliniacha nimesimama juani tangu asubuhi hadi adhuhuri, akatoka, akanizaba kofi, nami sikuinua mkono. La pili likagonga pale penye pengo la meno. Kisha akakaa kizingitini akalia, nikakaa kando yake. Sikumwambia kuhusu barua yako. Nimekuachia wewe hilo.

Kesi inasikilizwa tarehe nane Oktoba. Swabir ameshapona kidonda, ameletwa huko ndani mlimo. Mchana mnapishana uani, naambiwa, na anakusalimu. Tsuma, unamwitikia nini?

Nakupa mpaka siku hiyo. Ukiulizwa, simama useme kwa mdomo wako kwamba Swabir hayumo. Hilo tu, la jicho lake nitalisema mimi. Ukisema, barua hii yako naichoma hapohapo na hakuna mtu atakayejua ile habari ya kabati isipokuwa mimi na Mola wako. Usiposema, nitasimama mimi.

Nakupenda hata sasa. Nilitaka moyo uache, nikaukalia kama mtu anavyokalia sanduku lisilofungika, haukuacha.

Mamako,
Dama

*

Rumande
29 Septemba 2025

Ukisimama pale mimi sina mama.

Na siku nikitoka, nami nitatoka, nitaanza na wewe. Sasa unajua naweza, na unajua nitakavyojipanga.

T.

*

Ramisi
Ijumaa, 10 Oktoba 2025

Mwanangu Tsuma,

Assalaam aleikum.

Ulikuwepo, lakini hukuwa unanitazama, basi nakuandikia ujue nilivyoona mimi.

Nilikaa benchi la nyuma. Barua yako nimeifunga kifuani kwa kitambaa, inanichoma kama kaa la moto. Nilikuwa bado naomba Mungu usimame useme. Wakakuuliza, ukasema kitabu ulipewa, na ulipotoka Swabir alikuwa anaingia. Ulisema bila kupepesa. Swabir akafungua mdomo, maneno yakamkwama, hakimu akamwambia anyamaze zamu yake itafika.

Kisha wakakitoa kitabu. Karani akachukua karatasi yenye namba, akaitia gundi, akaibandika juu ya zile ndara za tairi, akaipiga na ngumi ishike. Hapo ndipo uliporuka. Habari za mzee zilisomwa zote, mifupa iliyovunjika ikatajwa mmoja mmoja, ukatulia kama mtu anayesubiri chai. Lakini kwa gundi uliruka kizimba na pingu zako, ukamkaba karani na mnyororo shingoni, unapiga kelele, "Unaliharibu! Unaliharibu jalada!" Yule bwana macho yalimtoka, ulimi nje. Askari wanne walikupiga rungu mgongoni na hukuachia, mpaka mmoja alipokupiga kiwiko, nikasikia kikilia, na mimi nikalia pamoja nacho. Damu ya karani ilitoka puani, ikadondoka mezani. Nikaona unaangalia ilikodondokea, kama imefika kwenye kitabu.

Walipokutuliza wakaita shahidi. Nikasimama.

Nilishika Msahafu. Nikasema kitabu kilifika kwangu Ijumaa, si Jumanne. Wakili wako akaniuliza, "Mama, wewe unamchukia mwanao?" Nikamwambia, "Baba, huyu ndiye mtu pekee niliye naye, kwa hiyo niulize jingine." Akauliza jingine, nikatoa barua kifuani nikampa hakimu. Waliisoma kwa sauti. Ilipofika kwenye kabati Yusra alitoka nje, nikamsikia akitapika ukutani. Swabir alikuwa anatikisa kichwa polepole, machozi yanatoka jicho moja.

Nami sikuishia hapo. Nilisema mbele ya wote kwamba mimi Dama nilimpiga Swabir mara mbili usoni kwa ukuni, naye hana kosa, na kama kuna sheria ya hilo nichukuliwe. Wameandika maelezo yangu. Wataniita. Nitakwenda.

Leo wamemwachilia. Nilikuwa langoni na mjomba wa Yusra, aliyekuja kumpokea. Nilimwambia, "Swabir, ni mimi niliye..." Akanizuia kwa kiganja. Ikamchukua muda, nikangoja. Akasema, "Najua, mama. Nilikuona." Basi. Hakusema amenisamehe, nami sikumuomba. Nilimbebea kifurushi chake hadi barabarani.

Wewe ulipopitishwa siku ile kurudi garini nilisogea nikuguse. Ukanitemea usoni. Ilikuwa na damu, mdomo ulikuwa umepasuka. Watu wakaguna. Nilijipangusa kwa ncha ya leso, na hiyo leso bado sijaifua, sijui kwa nini.

Kifungo chako watakisoma mwezi ujao. Wanasema ni cha maisha. Mimi hesabu yangu ni ya Alhamisi. Kila Alhamisi ya wageni nitakuja. Ukikataa kuitwa, nitakaa hapo kwenye benchi la nje mpaka wafunge lango. Sabuni nitamwachia askari, na dawa ya kile kiwiko. Ukitaka zitupe. Ukizitupa utakuwa umejua nimekuja.

Mimi mamako,
Dama